Serikali inampa msichana pedi lakini haitaki aambiwe ni ya nini

Mhariri,

Naandika nikiwa hapa kwa saluni yangu Kayole, ni Jumatatu na wateja bado hawajaanza kuingia, kwa hivyo wacha niseme hii maneno yote leo juu nimeibeba moyoni karibu mwezi mzima.

Binti yangu ako gredi ya sita. Siku moja alitoka shule akitembea hatua fupi fupi, sweta ameifunga kiunoni na jua lilikuwa kali. Namuuliza una nini, ananyamaza. Nikamkalisha kando ya kitanda nikamngoja tu, ndio akaniambia alipata damu katikati ya somo la hesabu, mwalimu akampa pakiti ya pedi akamwambia enda choo utumie, basi, hakuna mtu aliyemwonyesha. Mtoto aliiweka kinyume, upande wa gundi ukamshika yeye, akakaa hivyo na uchungu tangu saa nne mpaka saa tisa na hakuthubutu kumwambia mtu. Alidhani ndivyo inatakiwa iume. Nililia naye, na sitaficha, nililia pia kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sijamwambia kitu. Nilikuwa nangoja afike gredi ya saba.

Sasa nimekuwa nikifuatilia hawa waheshimiwa wetu wakibishana juu ya kufunza watoto mambo ya mwili na juu ya haki za wanawake, na kila mara naona ile pakiti ya pedi. Juu hiyo pakiti iko kwa sheria. Mwaka wa 2017 sheria ya elimu ya msingi ilirekebishwa ikasema kila msichana aliyebalehe kwa shule ya umma apewe pedi bure, za kutosha na za ubora, na kuwe na mahali salama pa kuzitupa. Ni sheria nzuri na naipenda, nimeona wasichana wengi hapa Eastlands ambao wangekuwa wanakaa nyumbani siku nne kila mwezi. Lakini wakaandika habari ya pedi, wakaandika hata habari ya takataka, na hawakuandika nani ataongea na mtoto.

Na si ati hawajui. 2013 mawaziri wetu wa elimu na afya walikuwa na wenzao wa Afrika Mashariki na Kusini huko Cape Town, wakakubaliana kwamba vijana wafunzwe mambo ya afya ya uzazi. Baadaye 2019 Seneta Susan Kihika akaleta mswada wa afya ya uzazi, ulikuwa na mambo mengi ndani, huduma kwa wajawazito, wanaotafuta watoto kwa njia ya hospitali, mambo ya vijana, lakini hata haukusomwa vizuri, makanisa yakasimama, ikawa ni kelele ya kutoa mimba na kufunza watoto ngono na mswada ukafia hapo.

Mimi ni mtu wa kanisa, naimba kwaya, kwa hivyo huo uoga naujua na siudharau. Mzazi anaogopa mwalimu asiyemjua atamwambia mtoto wake nini. Lakini njooni mkae kwa saluni yangu wiki ya kufunga shule, nikisuka wasichana wa sekondari, musikie wanayoambiana. Mara ya kwanza haishiki mimba. Ukioga haraka haishiki. Mvulana akikupenda kweli atajua kujizuia. Hayo wameyatoa wapi? Si kwa mwalimu, si kwa pasta, si kwa sisi wazazi, wameyatoa kwa simu na kwa wenzao ambao pia walitoa kwa simu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulipata asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 mpaka 19 walikuwa wameshashika mimba, na kaunti ya Samburu ni nusu. Nusu! Hao hawakuharibiwa na kitabu cha shule maana hicho kitabu hakijafika.

Na wavulana ndio tumewasahau kabisa. Sheria ya makosa ya ngono ya 2006 inasema mtu akilala na msichana wa miaka 16 au 17 kifungo si chini ya miaka 15, na akiwa mdogo zaidi kifungo kinapanda mpaka maisha. Nakubaliana na hiyo sheria kwa moyo wote, kuna wazee hapa mtaani wanafaa kuwa ndani sahii. Lakini kijana wa miaka 19 aliyemaliza kidato cha nne majuzi, ameambiwa lini? Darasani mtu alimwambia mwaka gani? Sheria inamngoja na pingu na hakuna mtu alimfunza hata mstari mmoja.

Kingine kinachonichosha ni hizi video za Wamarekani wakigombana juu ya mambo haya, zinazotumwa kwa grupu za wasap. Huko kila jimbo lina bunge lake na sheria zake za elimu, na tangu Juni 2022 mahakama yao ya juu zaidi iliporudisha mambo ya kutoa mimba kwa majimbo, jimbo moja linakataza na la jirani linaruhusu. Hayo ni yao. Sisi tuna katiba moja ya 2010 kwa kaunti zote 47, na kifungu cha 26 kimeshasema utoaji mimba hauruhusiwi isipokuwa mhudumu wa afya aliyefunzwa aone ni dharura au maisha ama afya ya mama iko hatarini, ama sheria nyingine iruhusu. Kumwonyesha mtoto jinsi ya kutumia pedi hakubadilishi neno moja hapo. Kwa nini tunaogopeshwa na vita vya watu wengine?

Nadhani shida kubwa ni nani amekaa ndani ya hilo bunge. Katiba ilisema jinsia moja isizidi theluthi mbili, David Maraga, aliyekuwa Jaji Mkuu, akafika mahali pa kumshauri rais 2020 avunje bunge kwa kushindwa kutimiza hiyo, na mpaka leo tunangoja. Na mnakumbuka Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia seneti suruali ikiwa na doa jekundu akaambiwa atoke. Seneta mzima! Binti yangu wa gredi ya sita angefanya nini kama si kufunga sweta kiunoni na kunyamaza.

Ninachoomba si kikubwa. Waongeze kifungu kimoja kwa hiyo sheria ya 2017, kwamba kabla ya pedi kuwe na somo, wasichana na wavulana, na sisi wazazi tuonyeshwe kitabu kwanza tukisome. Hata sisi tunahitaji hilo somo.

Jumapili iliyopita baada ya kanisa niliita wasichana sita wa ploti yetu hapa saluni, nikafungua pakiti juu ya meza, tukaishika, tukaangalia upande wa gundi na ule wa pamba. Kuna mvulana wa miaka kama kumi na mbili alikuja kuchukua dadake, akasimama mlangoni muda mrefu, halafu akauliza polepole kama hiyo damu inaweza kumuua dadake.

Nikamwambia aingie akae.

Mama Saluni,
Kayole, Nairobi