Wanafunzi wa uhandisi waachwe waunge saketi wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wanafunzi wa shahada ya uhandisi wa umeme wanaokuja hapa Mtwara kwa mafunzo ya vitendo. Hesabu wanazijua. Mikono ndiyo haijazoea.

Mpe mmoja betri ya volti 9 na taa ya LED inayotaka volti 2 na miliampia 20. Atakokotoa upesi: rezista (kipande cha kupunguza mkondo wa umeme) ya omu 350. Sawa kabisa, ila dukani atakuta za 330 na 390. Achukue ipi? Ya 330 itapitisha miliampia 21 hivi. Ya 390 kama 18, mwanga ukapungua kidogo lakini taa ikawa salama. Tena rezista za kawaida huweza kupishana kwa asilimia 5 na thamani iliyoandikwa kwa rangi zake. Uamuzi wa namna hiyo ndio usanifu wa saketi, na haukai kichwani kwa kunakili ubao. Unakaa kwa kuunga, kupima, kukuta namba zimekataa na kutafuta sababu.

Kwa hiyo maabara za vyuo zitoe kazi za kubuni, si karatasi ya hatua zenye jibu linalojulikana. Na kila mwanafunzi ashike mita ya kupimia umeme mwenyewe, maana kwenye kundi kubwa wawili hufanya na waliobaki huandika tu. Sisi huku tuna mitambo ya umeme inayotumia gesi ya Mnazi Bay, na hewa ya chumvi inayokula viungio vya nyaya. Tunawahitaji wahandisi wanaojua kutafuta hitilafu.

Fundi umeme,
Shangani, Mtwara