Anayelipia tathmini ya nyumba apewe ripoti yake

Mhariri,

Mwaka huu nilimaliza kujenga nyumba za kupangisha huko Mwiki, Kasarani. Jengo hilo, pamoja na ploti, lilinigharimu shilingi milioni 21, na hadi sasa benki inanidai milioni 9. Niliiomba benki ilithamini jengo upya na kuniongezea mkopo kwa hatimiliki ile ile inayoishikilia, ili nianze ujenzi mwingine bila kuuza nilichonacho. Si jambo geni. Wenye nyumba wengi hapa Nairobi wamejenga ya pili kwa mgongo wa ya kwanza.

Benki ilinielekeza kwa mthamini aliyemo katika orodha yake, na ada nikalipa mimi. Alifika asubuhi ya manyunyu, akapima upana wa ngazi, akapiga picha ya paa akiwa amesimama chini, akauliza bomba la majitaka linapita wapi, na kabla ya dakika 20 kwisha akawa ameondoka. Wiki mbili baadaye nilipigiwa simu nikaambiwa kuwa thamani ya jengo ni milioni 18. Kwa kuwa benki hiyo hukopesha hadi asilimia 70 ya thamani, yaani milioni 12.6, ukiondoa deni langu nilikuwa nimebakiwa na milioni 3.6, ilhali hesabu yangu, kwa kuzingatia milioni 21 nilizotumia, ilikuwa milioni 5.7.

Sidai kwamba gharama ya kujenga ndiyo bei ya soko. Jengo jipya halina historia ya kodi, na mthamini anayekadiria kwa kuangalia mapato hawezi kuwahesabu wapangaji ambao hawajahamia. Orofa ya juu ilikuwa bado inanuka rangi. Ninacholalamikia ni kwamba nilipoiomba ripoti nilijibiwa kuwa hiyo ni ya benki. Ni siku nilipoitwa kutia sahihi tu, afisa wa mikopo alipogeuza kidogo skrini ya kompyuta yake, ndipo nilipoona pameandikwa nyumba 12. Jengo lina nyumba 14. Mbili za chini zilikuwa na kufuli siku ile, kwa kuwa bawabu alikuwa ametoka na funguo, na hakuna aliyeuliza nyuma ya milango hiyo kuna nini.

Kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinamtaka mkopeshaji anayeshikilia rehani, kabla ya kuuza mali ya mdaiwa, apate tathmini ya mthamini na atafute bei bora inayoweza kupatikana. Siku ya mnada, basi, thamani ya mali yangu ina mlinzi. Siku ya kukopa, ambapo thamani hiyo hiyo ndiyo inayoamua nitapewa kiasi gani, ninatajiwa tarakimu moja kwa simu.

Ninaiomba Benki Kuu ya Kenya izitake benki zimpe mkopaji nakala ya ripoti kabla hajatia sahihi, pamoja na siku chache za kuonyesha makosa yaliyo wazi. Mthamini hatalazimishwa kubadili maoni yake kuhusu bei. Ataombwa tu kuhesabu milango.

Mimi nimeomba jengo langu likaguliwe tena. Benki imekubali, kwa sharti kwamba nilipe ada upya.

Mwenye nyumba,
Mwiki, Nairobi