Jina Lako Lote

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu Mwanahamisi,

Jina lako nimeliandika lote, kwa makusudi.

Jana binti wa shangazi yako alikuja na simu yake kunionyesha shairi lako lililotoka huko Chicago, lile la bibi anayeanika dagaa. Nimelisoma mara tatu. Machozi yalinitoka, sikufichi, na baba yako akajifanya anatafuta miwani. Kisha nikatafuta jina la mwenye shairi, nikakuta Missy. Nikauliza, huyu Misi ndiye nani? Mtoto wa watu akacheka, akadhani natania.

Siku ya Idi ulinijibu kwenye simu, "Mama, hawawezi kulitamka." Sikusema kitu kwa kuwa salio lilikuwa linaisha na wageni wanasubiri pilau. Leo nasema.

Ile tasnifu yako juu ya mshairi Haki Madhubuti nimeitoa pale steshenari ya kona, ukurasa shilingi mia, kurasa arobaini za mwanzo. Zilizobaki mwisho wa mwezi. Uliponitajia jina hilo mara ya kwanza nilicheka, nikaona mtu kajiita kama tangazo la saruji. Na mkewe Safisha! Nilidhani umekosea kuchapa. Sasa nimesoma, na sicheki tena. Mtu kazaliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1942, akaitwa Don Luther Lee, akakulia Detroit. Amekwisha kuwa mshairi wa kujulikana kwa jina hilo, vitabu vimeuzwa kwa jina hilo, kisha kwenye miaka ya 1970 analiweka kando na kuchukua maneno yetu mawili. Na Chicago hiyo hiyo unayokaa wewe wakajifunza kumwita. Wameiweza dh ya Madhubuti, watashindwa na Mwanahamisi, lisilo na dh wala gh? Anayeshindwa mtamkie polepole, arudie. Ukimkatia njia wewe mwenyewe, atajifunza lini?

Najua utanijibu nini. Utasema hata yeye aliliacha jina alilopewa na mamake. Hilo limeninyima usingizi juzi. Mama yule alifariki mtoto ana miaka 16, hakukiona kitabu chake hata kimoja. Sijui angesemaje. Lakini Lee lile lilitoka kwa mabwana waliowamiliki watu, na wewe lako limetoka kwa bibi yako, somo yako, aliyekuogesha siku arobaini. Si sawa, usinichanganyie.

Na huyo mama, mbona umempitia haraka? Alimtuma mtoto maktaba akamchukulie Black Boy ya Richard Wright, mtoto akaona haya kusimama mbele ya mkutubi Mzungu na kusema "Mvulana Mweusi" kwa sauti. Haya ya kutamka tu, mwanangu. Akaenda rafuni mwenyewe, akakitafuta, akaanza kusoma pale pale. Kisa hicho umekipa aya moja, ukakimbilia nadharia. Ningekuwa msimamizi wako ningekurudishia.

Jambo la pili ni mashine. Mwaka 1967, dola 400 na mashine ya kudurufu kwenye chumba cha chini ya nyumba, Madhubuti na washairi wenzake Carolyn Rodgers na Johari Amini wakaanzisha kampuni ya kuchapa vitabu, Third World Press. Umeandika hivyo, ukaweka nukta, ukasonga. Wewe! Hukuwaambia walimu wako kwamba ukigonga o kwa nguvu kwenye stensili, ile karatasi ya nta, kijiduara kinadondoka na kila nakala inatoka na doa jeusi? Kwamba stensili ikichoka herufi zinanenepa, na wino haukutoki kwenye kucha hata ufue nguo za wiki nzima? Waliotoa vitabu namna hiyo walijua uzito wa kila neno. Hili hukulihitaji maktaba, ungeniuliza mimi.

Na stensili ina ukingo. Nafasi ya jina lako kwenye ile orodha ya watahiniwa niliyoichapa ilikuwa finyu, namba za mtihani zimeshapangwa pembeni, mkuu wa shule kasimama mlangoni anaitaka. Mtu akiwa na haraka anaandika kinachoenea. Hamisa ilienea. Nauli ya kwenda mahakamani kwa ajili ya kile kiapo cha kurekebisha jina nililipa mimi, ingawa siku hizo ulikuwa husemi nami. Basi.

Sikulaumu kuandika. Nilisema maneno mengi ulipoacha uhasibu, mengine nisingeyasema leo. Majirani wanajua mwanangu anachapwa Marekani, nimehakikisha. Ila umenifundisha wewe mwenyewe humo kwenye kurasa zako kwamba mwaka 1971 huyo bwana alitoa kitabu kizima cha uhakiki, Dynamite Voices, akawapima washairi wenzake hadharani. Na mshairi Gwendolyn Brooks, mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer, mwaka 1950, aliwaacha wachapaji wakubwa wa New York akawapa weusi wenzake vitabu vyake, na lilikuwa jina lake ndilo lililowabeba. Mhakiki akisema neno lazima ijulikane kasema nani. Misi akikosoa, nani atashtuka?

Baba yako mguu umepungua kuvimba lakini chumvi haachi. Mdogo wako ameanza kazi bandarini, anarudi usiku na njaa ya watu wawili. Ule mwembe wa uani tumeupunguza matawi, ulikuwa unagonga bati kila upepo wa kusi ukivuma. Pesa uliyotuma tumelipia fundi wa choo, imebaki kidogo, usitume mwezi huu, nunua koti la maana. Unakula? Binti wa shangazi anasema kwenye picha mashavu yamekwisha.

Juzi tulikwenda kwa mtendaji kuandikisha kile kiwanja cha Pongwe kwa majina yenu. Kijana wa pale kanipa fomu na kalamu, akaniambia andika kifupi, mama, nafasi ndogo. Nimeandika herufi zote kumi na moja. Mbili za mwisho zimeingia kwenye kisanduku cha tarehe. Akaguna, akagonga muhuri.

Lile shairi nitumie kwa karatasi, simu inaniumiza macho. Na likichapwa tena, niambie wameandika nini chini yake.

Mama yako