YAH: MALALAMIKO KUHUSU VIDONGE VYENU VYA OMEGA-3

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mbele ya kopo lenu pameandikwa kwa wino mnene: OMEGA-3, 1000 MG. Nyuma, kwa herufi ambazo mama yangu hazioni hata akivaa miwani, mmeandika kwamba kila kidonge kina EPA miligramu 180 na DHA miligramu 120, yaani aina mbili za omega-3 zenyewe. Jumla 300. Kumbe hiyo 1000 ni uzito wa mafuta yote ya samaki yaliyomo! Mafuta ya samaki tu hata vibua wa hapa Tanga wanayo, tena unapata na kitoweo.

Lingekuwa hilo peke yake, ningenyamaza. Lakini wakala wenu alimwambia mama, mgonjwa wa presha wa miaka mingi, kwamba vidonge hivi "vinazibua mishipa", hivyo apumzike dawa za hospitali. Akaziacha. Alipokwenda kliniki presha ilikuwa imepanda vibaya, daktari akamrudisha kwenye dozi yake siku hiyohiyo. Si kwenye kopo wala kwenye kipeperushi mlipoonya kwamba mafuta haya si mbadala wa dawa ya presha.

Kipeperushi hichohicho kinajivunia utafiti wa REDUCE-IT wa mwaka 2018, kuhusu omega-3 na maradhi ya moyo. Nimeusoma. Wagonjwa wale walipewa gramu 4 kwa siku za EPA iliyosafishwa, dawa ya kuandikiwa na daktari, nao walikuwa na mafuta mengi kwenye damu na tayari wanatumia statini, dawa za kushusha lehemu. Kwa kopo lenu, mama angemeza vidonge zaidi ya 20 kila siku kufikia hapo. Utafiti wa VITAL, uliotoka mwaka huohuo na kuhusisha watu zaidi ya 25,000 waliopewa gramu 1 ya mafuta ya omega-3 kwa siku au kidonge kisicho na dawa, haukuona tofauti ya maana katika jumla ya mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo. Huo mmeuruka. Mmeruka pia kwamba katika REDUCE-IT yenyewe, waliolazwa kwa mapigo ya moyo kwenda mrama walikuwa asilimia 3.1 kwa waliotumia dawa, dhidi ya 2.1 kwa wasioitumia.

Nataka mrudishe fedha za makopo yote (risiti nimeambatisha), muandike mbele ya kopo kiasi halisi cha EPA na DHA, na muwakataze mawakala kwa maandishi kuwaachisha watu dawa. Nisipojibiwa ndani ya siku 14, barua hii naipeleka Tume ya Ushindani.

Mteja wenu,
Tanga