Bwawa la mashindano si viti, jamani

Mhariri,

Kila watu wakianza kudai tujengewe bwawa la Olimpiki hapa Mombasa, swali la kwanza huwa jukwaa litaingiza mashabiki wangapi. Jamani, viti haviogelei.

Mnamkumbuka muogeleaji wetu Jason Dunford, Olimpiki ya Beijing 2008? Kwenye mchujo wa mita 100 mtindo wa kipepeo alipiga sekunde 51.14, rekodi ya Olimpiki, hata haijapoa Čavić wa Serbia akaichukua jioni hiyo hiyo, lakini kijana wetu akafika fainali na kumaliza wa tano. Lile bwawa lilikuwa na kina cha mita 3 na si kwa urembo, maji yakiwa mafupi wimbi linagonga sakafu linakurudia, unabaki kupigana na maji uliyoyavuruga mwenyewe. (Zile suti za kuogelea za wakati ule nazo zilisaidia, tusidanganyane.) Ila makali yake alikuwa akiyanoa Stanford, Marekani, sio hapa.

Sasa fundi atakayepewa tenda aambiwe mapema: ukuta kwa ukuta iwe mita 50 na sentimita 2, kwa sababu zile padi za kunasa muda, anazogusa muogeleaji akifika ukutani, zina unene wa sentimita 1 kila upande, akijenga 50 kamili basi padi zikishatundikwa bwawa ni fupi na muda wa mtoto hautambuliki popote. Maji ya mashindano yanatakiwa nyuzi 25 hadi 28, na kwa jua letu hili la Januari shida ni kuyapoza, wala sio kuyapasha, kwa hiyo paa ni lazima.

Halafu pembeni pawe na bwawa dogo. Muogeleaji akitoka kwenye mbio misuli imewaka, hafai kwenda kukaa tu na soda, anatakiwa aogelee polepole kama robo saa mpaka mwili utulie, ndipo aweze kurudi jioni. Beseni la maji baridi na kitanda cha masaji ni vya bei ndogo ukilinganisha na jukwaa.

Na chumba cha pampu na filta je? Macho yakiwasha tunalaumu klorini imezidi, kumbe mara nyingi ni klorini iliyochanganyika na jasho na mikojo ya watu wasiooga kabla ya kuingia, na filta imechoka. Nataka kuona bajeti ya stima na kemikali ya kila mwaka kabla mtu hajaweka jiwe la msingi, na kama haipo basi tujengeeni la mita 25, lenye kina, tutashukuru.

Kocha wa watoto,
Nyali, Mombasa