Wajumbe wa kamati za shule, tuhesabu kwanza ndipo tutie saini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi wenzangu, hasa wale ambao shule za watoto wao zinajiandaa kuchagua kamati mpya mwaka huu. Mimi ni mama wa watoto wanne, wawili bado wako shule ya msingi, na nauza nafaka hapa Kilosa mkoani Morogoro. Huu ni mwaka wangu wa tatu kwenye kamati ya shule. Shule yenyewe sitaitaja, maana nitakayoyaeleza nimeyasikia pia kwa wajumbe wa shule nyingine tunaokutana sokoni, na sitaki mwalimu mkuu wetu aonekane mtu mbaya. Si mtu mbaya.

Nilichaguliwa hivi. Mkutano wa wazazi uliitwa saa tatu asubuhi, ukaanza saa tano. Ajenda zilikuwa nyingi: utoro, uji, matokeo ya darasa la nne, matundu ya choo. Uchaguzi wa kamati ukawekwa mwisho kabisa. Tulipoufikia, jua lilikuwa utosini na watu wengi walishaondoka kwenda mashambani. Chini ya mwembe tulibaki kama arobaini, kwa shule yenye wanafunzi 812. Mtendaji wa kijiji akauliza nani anapendekezwa. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu dada wa mizani, hesabu anazijua." Mikono ikanyooshwa, jina likaandikwa, tukatawanyika. Hakuna aliyeniuliza nitafanya nini huko, wala mimi sikuuliza kazi yenyewe ni ipi.

Nimeijua kazi baadaye, na nimeijua kwa taabu. Kamati ya shule haikuanzishwa na mwalimu mkuu ili imsaidie kutuliza wazazi. Imo kwenye Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Mwalimu mkuu ni katibu wa kamati, sisi wazazi ndio macho ya waliotuchagua. Wengi wetu tulisikia "elimu bila ada" ilipoanza Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, tukadhani kwamba kwa kuwa hatulipi ada basi shuleni hakuna tena hela inayotuhusu. Hela ipo. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi niliyoikuta ni Sh10,000 kwa mwaka, kiwango cha tangu enzi za MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza mwaka 2002. Sh4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, Sh6,000 inashuka shuleni. Nilichukua kalamu nikaigawa: Sh500 kwa mtoto mmoja kwa mwezi. Kwa watoto wetu 812 ni Sh406,000. Humo ndimo inatoka chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, mpira wa michezo. Ni hela ndogo mno kwa shule kubwa hivyo, na ndiyo maana inanitia uchungu nikisikia mjumbe anasema, "Hayo mahesabu tuwaachie walimu."

Kikao changu cha kwanza kilifanyika darasa la tatu, tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa mbao. Taarifa ya mapato na matumizi ilikuwa nakala moja tu. Ilianzia kwa mwenyekiti, ikapita mkono kwa mkono. Mzee aliyekaa pembeni yangu alikuwa ameisahau miwani yake nyumbani. Aliishika karatasi kwa mbali, akaitazama kidogo, akatia saini, akanipa. Nilipoanza kuisoma mstari wa kwanza, mjumbe mmoja akaniambia kwa upole kabisa, "Tia hapo mama, wenzio wanasubiri." Nikatia. Nikaenda sokoni, nikafungua banda, nikauza mahindi mpaka jioni. Usiku usingizi haukuja. Nikinunua gunia moja tu la mahindi kwa hela yangu mwenyewe nalifungua, natumbukiza mkono mpaka katikati kuona kama kuna yaliyooza, ndipo nalipa. Hela ya watoto 812 nimeipitisha bila hata kumaliza mstari mmoja.

Mwaka uliofuata tukaletewa fedha za kujenga darasa kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani shule inanunua vifaa yenyewe na kumpa kazi fundi wa hapa hapa badala ya mkandarasi. Kwa wasiojua, utaratibu huo unataka kamati tatu: ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi. Mimi niliwekwa mapokezi. Mapokezi maana yake mzigo ukifika wewe unaukagua, unauhesabu, ukikubaliana na karatasi ndipo unasaini kwamba umeupokea.

Saruji ikaja jioni, mimi niko gulioni. Kesho yake asubuhi mtoto akatumwa: mama unaitwa ofisini kusaini. Nikafika, fomu iko mezani, imeandikwa mifuko 150, mwenzangu mmoja ameshasaini. Nikaomba ufunguo wa stoo. Mwalimu mkuu akanitazama. "Mama, huniamini?"

Nikamwambia, "Mwalimu, si suala la kukuamini. Fomu inasema nimepokea mifuko 150, na mimi sijaona hata mmoja."

Hakufurahi, lakini alinipa. Stoo ilikuwa giza, vumbi la saruji linapanda puani. Mifuko ilipangwa mafungu ya kumi kumi, na kwangu hesabu ya mafungu ni ya kila siku. Nilihesabu kwa kugusa kila fungu kwa mkono. Mafungu kumi na matatu, na mifuko mingine minane juu ya ubao. Mifuko 138. Nikarudia kuanzia upande wa mlango. 138. Moyo ulikuwa unanienda mbio, nasema kweli, kwa sababu nilijua nikitoka na jibu hilo nitakuwa nimemwita mtu mwizi bila kutamka neno.

Nilipomwambia, mwalimu mkuu alinyamaza kidogo, kisha akajishika kichwa. Bati la stoo lilikuwa linavuja upande mmoja, na usiku ule kulikuwa na dalili za mvua, kwa hiyo mifuko 12 ilihamishiwa nyumba ya mwalimu iliyo jirani. Tukaenda wote. Ilikuwapo, imefunikwa turubai. Nikaihesabu. Kumi na miwili. Hakuna kilichoibwa. Ila hakuna aliyeandika popote kwamba mifuko hiyo imehamishwa, na kama ningesaini tu, ikapita wiki mbili, ikatumika vibaya au ikagandishwa na unyevu, nani angesema ilikuwa wapi? Siku ile ile nikanunua daftari, tukaandika: tarehe, mzigo, idadi, ulipowekwa, nani ameuona kwa macho yake. Tukasaini watatu.

Miezi michache baadaye alikuja mkaguzi wa ndani kutoka halmashauri. Aliuliza habari za saruji, na pia mabati, maana yalikuja kwa safari mbili. Mwalimu mkuu alimpa lile daftari. Mzazi mwenzetu mmoja ni fundi seremala, yeye ndiye aliyetufundisha kusoma geji kwenye bati, kwamba geji 30 ni jembamba kuliko geji 28 ingawa namba ni kubwa, na siku ya mapokezi alikagua bati moja moja. Yote yalikuwa yameandikwa humo. Mkaguzi alipoondoka, mwalimu mkuu alinipigia simu sokoni. "Mama, lile daftari limeniokoa." Hayo ndiyo ninayotaka walimu wakuu wayasikie. Mzazi anayeuliza si adui yako. Siku mambo yakiharibika, yeye ndiye shahidi wako.

Upande wa uji hatukwenda vizuri hivyo. Wazazi tulikubaliana kila mtoto alete kilo kadhaa za mahindi kwa muhula, na mizani yangu ndiyo ilitumika kupimia, kwa sababu debe la mahindi lina kilo kama 17 au 18 na kila nyumba ina debe lake, jingine limebonyea. Kulikuwa na watoto waliokuja mikono mitupu. Siku moja nilipita jikoni saa nne, nikakuta wanafunzi wamepanga foleni na vikombe, na pembeni, karibu na tanki la maji, wamesimamishwa tisa. Mmoja namfahamu, analelewa na bibi yake, bibi ambaye huokota mahindi yanayomwagika wakati wa kupakia malori. Yule mtoto alikuwa ameshika kikombe cha plastiki cha bluu, amekikumbatia kifuani, macho yako kwenye sufuria.

Serikali imeshasema juu ya hili mara nyingi. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima mashuleni, na maelekezo yako wazi kwamba mtoto asiadhibiwe wala kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hakuchanga. Mzazi anayeweza, achange kwa hiari. Asiyeweza, mwanawe asiguswe. Kwenye kikao nilisema hivyo, nikajibiwa kwamba wote wakipewa, wanaochanga nao wataacha. Hofu hiyo naielewa, maana nafanya biashara. Tulibishana mpaka saa tisa. Tulichoafikiana ni kwamba kila mtoto anakunywa, na sisi wajumbe tunakwenda nyumba kwa nyumba kuzungumza na wazazi, si na watoto. Katika zile nyumba tisa, saba zilileta baada ya mavuno. Mbili hazina kitu, na zimebaki hivyo. Lakini watoto wale walikosa uji wiki tatu kabla sijapita jikoni, na mimi nilikuwa mjumbe wiki zote tatu. Hilo bado linaniuma.

Sasa niseme ninachokiomba. Wakurugenzi wa halmashauri na maofisa elimu kata, tunaomba mjumbe mpya apewe mafunzo japo ya siku moja, akae na mtu amweleze fomu kwa fomu. Mimi nilifanywa mjumbe bila hata karatasi moja ya kuelezea majukumu. Taarifa ya fedha itolewe nakala za kutosha, itufikie siku mbili tatu kabla ya kikao, ili asiye na miwani amwombe mwanawe amsomee. Kisha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, nje, mahali mzazi anayepita na jembe lake anaweza kusimama akaisoma. Najua miongozo inasema ibandikwe. Kwetu ubao upo, na kwa muda mrefu ulikuwa na ratiba ya mitihani iliyopita tu.

Jambo jingine linaonekana dogo, lakini ndilo linalotunyima kinamama kamati hizi. Gulio letu ni Jumanne, na vikao vingi viliitwa Jumanne. Mjumbe halipwi, na mimi sidai kulipwa, ila siku ya gulio ndiyo siku ya kula ya nyumba yangu. Tuliomba vihamishiwe Alhamisi na vikahamishwa, na tangu hapo wajumbe wanawake hawakosi. Kuna shule hapa jirani ambako hawajaomba kwa sababu hakuna aliyethubutu kusema mbele ya mtendaji.

Na wazazi wenzangu, msiondoke kabla ya uchaguzi. Nawasihi. Ombeni uwe ajenda ya kwanza, si ya mwisho. Msimchague mtu kwa sababu ana suti au kwa sababu hayupo mkutanoni na hawezi kukataa. Mwulizeni: utatuletea majibu kila baada ya muda gani? Hili litatuhusu zaidi siku zijazo, kwa kuwa chini ya mtaala mpya, unaofupisha elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, darasa la sita na la saba watamaliza pamoja mwaka 2027 na kwenda sekondari kwa mkupuo, vyumba vya madarasa vinatakiwa kila kona, saruji na mabati vitaendelea kuja, na watu kama mimi wataitwa asubuhi kwenda kusaini.

Muhula wa kamati yetu unakwisha mwaka huu. Daftari letu limebakiza kurasa chache. Wiki iliyopita nimenunua jipya, kaunta buku ya kwaya tatu, nimechora mistari ya tarehe, mzigo, idadi, ulipowekwa na nani ameuona, na nimeandika jina la shule kwa kalamu ya wino mzito. Liko ofisini kwa mwalimu mkuu, kwenye kabati la chini, mkono wa kushoto. Atakayechaguliwa alitafute hapo.

Mjumbe wa kamati ya shule,
Kilosa, Morogoro.
(Jina nimelihifadhi)