Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti: Vibali vya Mazingira na Kazi Zetu Saiti

Ndugu wanachama wa chama chetu cha makandarasi wa Arusha,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asome taarifa ya mwaka kabla mhazini hajasoma mahesabu. Mwaka uliopita mlinung'unika kwamba taarifa ilikuwa ndefu, imegusa kila kitu, na watu walitoka ukumbini bila kushika hata kimoja. Mlikuwa na haki. Safari hii nitapita haraka kwenye mengine na kukaa kwenye moja.

Hayo mengine ni haya. Wanachama wapya wamepokelewa na wako nasi hapa, wengi wao wa daraja la saba, la chini kabisa kwenye usajili wa makandarasi. Tumempoteza mwenzetu mmoja wa siku nyingi; rambirambi zilifika kwa familia kupitia kamati ya maafa, na ninawashukuru mliofika Usa River kuzika. Malipo yaliyocheleweshwa ni wimbo wa kila mwaka, na barua zetu ziko kwenye jalada kwa anayetaka kuzisoma.

Jambo ninalotaka tukae nalo ni vibali vya mazingira. Zamani mwanachama akija ofisini kulia kwamba kazi imesimama, ujue hajalipwa. Mwaka 2024 walikuja pia waliosimamishwa kwa sababu ya shimo la moramu, udongo wa changarawe wa kujengea barabara, au maji ya mto, au kifusi kilichomwagwa pasipostahili. Kijiko cha kuchimbia kimekodiwa kwa siku, tipa zimepanga foleni, vibarua wanasubiri posho, na karatasi haipo.

Tatizo linaanzia kwenye imani yetu kwamba mazingira ni shughuli ya mwajiri, yaani mwenye mradi. Tunasema: mwajiri ana cheti cha NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, sisi kazi yetu ni kuchimba na kushindilia. Sasa kisomeni hicho cheti. Kimetolewa kwa mradi uliofanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na kina masharti nyuma yake. Kama tathmini ilihusu barabara na mitaro yake, basi shimo utakalolipata wewe mwenyewe kwa kuelewana na mwenye shamba huko pembeni halimo. Maji utakayovuta kwa boza hayamo. Kambi ya mafundi na karakana yako ya kubadilishia oili huenda nazo hazimo. Ila masharti ya vumbi, kelele, kifusi na miti yamo, na anayetakiwa kuyatimiza saiti ni wewe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 81, inasema mradi unaotakiwa kufanyiwa tathmini hauanzi bila cheti, na kwamba kibali ulichopewa chini ya sheria nyingine hakichukui nafasi ya cheti hicho. Marekebisho ya kanuni ya mwaka 2018 yakaigawa miradi: kundi A linalolazimika kufanya tathmini kamili, B1 iliyo katikati, B2 isiyolazimika, halafu miradi maalumu. Kuna wenzetu waliosikia "B2" wakaelewa "hakuna kitu". Sivyo. Hata B2 inasajiliwa na kupelekewa muhtasari wa mradi, na anayeamua uko kundi gani ni Baraza. Fundi wako wala diwani hawana mamlaka hayo.

Maji yana mlango wake. Kwa sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009, kuvuta maji mtoni kwa ajili ya kushindilia tuta kunahitaji kibali cha bodi ya bonde. Kazi ikiwa Tengeru au Usa River, unaongea na Bonde la Pangani, ofisi zake ziko Moshi. Ukishuka Mto wa Mbu, maji yale yanaingia Ziwa Manyara, na hapo uko Bonde la Kati ambalo makao yake makuu ni Singida. Kuna mwanachama alikwenda Moshi na barua nzuri iliyopigwa muhuri, akaambiwa kwa upole kwamba mto wake si wa huko.

Moramu na kokoto nazo ni madini ya ujenzi. Zina leseni ya Tume ya Madini na mrabaha, na mwenye leseni ndogo anatakiwa kuwa na mpango wa kulinda mazingira. Nimesikia hoja kwamba huo ni urasimu wa kutukamua. Kwenye ada na mlolongo wa ofisi nakubaliana nanyi. Lakini kwenye usalama wa machimbo, watu wa Arusha hatuna haki ya kubisha. Aprili 2013 machimbo ya moramu ya Moshono yaliporomoka yakafukia watu waliokuwa kazini, na zaidi ya kumi walikufa. Baadhi yenu mlikuwa mnachukua moramu palepale.

Baada ya masika kamati ilitembelea mashimo matatu yaliyotumiwa na wanachama. Mawili yalikuwa na hali nzuri: kingo zimelazwa, udongo wa juu umerudishwa, nyasi zimeanza kushika. La tatu lilikuwa bwawa. Ukingo umesimama wima kama ukuta, maji ya kijani chini, njia ya mbuzi imeshuka hadi ukingoni, na kamba ya njano ya tahadhari imening'inia kwenye mti mmoja tu. Mama mwenye shamba alitupokea vizuri, akatukaribisha chai, halafu akatuuliza swali moja: "Mliniambia mkimaliza mtafukia. Mmemaliza, au bado?" Mwanachama husika ameshapeleka greda, na kamati imejiridhisha.

Mchanga wa makorongoni ndio uliotutesa zaidi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 za mto au ziwa, pamoja na zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuharibu eneo hilo. Saiti moja afisa mazingira alishuka na tepu, akavuta kutoka ukingoni hadi kwenye kijiko chetu, wala tepu haikuisha. Kazi ikafungwa hapohapo. Mwenzetu alilipa kukodi mitambo iliyokaa kivulini, na mwajiri hakumwongezea hata siku moja kwenye mkataba, kwa sababu chanzo cha mchanga kilikuwa chaguo la mkandarasi.

Hapa nawageukia ninyi, maana fedha hii tunaipoteza kabla ya kuingia saiti. Karibu kila zabuni ina mstari mmoja kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi na bei zake, wa kulinda mazingira, kwa bei moja ya jumla. Tunaujazaje? Tunatazama jumla kuu, tunaogopa mshindani, tunaandika kiasi cha kununulia miche na kibao. Gharama ya kurudishia shimo, kibali cha maji, mtaalamu elekezi wa mazingira, boza la kuzuia vumbi: vyote tunavibeba mfukoni. Halafu kwenye kikao tunasema kazi za serikali hazina faida.

Miradi ya mikopo ya nje ina ukali wake, na ni lazima tuizoee. Kwenye kazi za Benki ya Dunia, ukiwemo mradi wa miundombinu ya miji wa TACTIC hapa jijini, mkandarasi haanzi ujenzi mpaka mhandisi apitishe mpango wake wa usimamizi wa mazingira na jamii. Anayenakili mpango wa kazi nyingine, ukiwa bado na jina la mto wa mkoa mwingine, hurudishiwa. Limetokea.

Upande wa wakubwa nao tuna madai. Waajiri wengi hawatupi taarifa ya tathmini wala masharti ya cheti wakati wa zabuni. Tunayaona siku ya kukabidhiwa saiti, bei ikiwa imeshafungwa. Halmashauri zingeweza kuainisha maeneo ya moramu mapema, yakiwa na leseni, badala ya kila mkandarasi kuhangaika na mashamba ya watu. Kamati imeandika barua mbili kuhusu hilo. Moja imejibiwa.

Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu yapigiwe kura leo. Kwanza, kila mwanachama anayeomba kazi kupitia NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, aombe ufafanuzi ndani ya muda wa maswali: nakala ya cheti na masharti yake, na chanzo cha moramu na maji kilichofikiriwa na msanifu. Jibu linakwenda kwa wazabuni wote, hivyo hakuna anayeumia kwa kuuliza. Pili, chama kiingie makubaliano na mtaalamu elekezi mmoja aliyesajiliwa, mwanachama amlipe kwa kazi, chama kilipie ushauri wa awali. Fedha yake itatoka kwenye ada, na ndiyo maana mhazini ataomba iongezwe. Najua mtapinga. Tatu, mwanachama atakayeacha shimo wazi baada ya kulipwa asipewe barua ya utambulisho ya chama hadi alifukie. Hili la tatu kamati iligawanyika, na upande wangu ulishinda kwa kura moja.

Karatasi za kura ziko kwa katibu. Mhazini, karibu usome mahesabu.